Shemeji Kibanio Ashusha Gitaa

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ni mchomeleaji wa mageti, na mikono yake ukiiona utadhani imekaangwa. Kanisani ndiye mpiga gitaa na ndiye mchagua nyimbo, na wote tunamwita Kibanio. Jina alilipata kwa kile kidude cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa ili sauti ipande. Chake kilikaa juu kabisa, kwa sababu mwongoza nyimbo alikuwa mke wake, na mdogo wangu, jamani, alikuwa na sauti nyembamba ya kupanda mpaka mabati yaitikie. Sisi wa besi tulikuwa tunaachwa huku chini kama mizigo.

Basi mwaka ule kile kidude kikaanza kushuka. Leo kimesogea kidogo, ukija tena kimesogea zaidi. Mimi nikafurahi zangu, nikasema hatimaye shemeji amekumbuka kuwa wanaume nao wana roho za kuokolewa. Mpaka ibada moja nikaona kidude hakipo kabisa, na yeye bado analegeza nyuzi.

Wakati huo tulikuwa tunamalizia kanisa jipya, na ikaamuliwa linunuliwe gitaa jipya la siku ya kufungua kanisa. Mchungaji alilitaka lile jekundu la umeme lililokuwa linang'aa pale dukani. Nikaenda na Kibanio kulichukua. Jekundu hata hakuligusa. Akashika moja jeusi, limepauka, lina tumbo kubwa kuliko la mwenye duka. Akalegeza nyuzi, akapiga. Akalegeza tena.

"Mzee," mwenye duka akasema, "ukizidi hapo hiyo ni kamba ya kuanikia nguo."

"Huna nyuzi nene kuliko hizi?"

"Nene kuliko hizo kaulize kwa wauza nyaya za umeme."

Mimi nikacheka mpaka nikashika kaunta. "Shemeji, unataka kuabudu au kuvuta gari lililokwama?"

Akanivuta hadi mlangoni.

"Mdogo wako ana uvimbe kooni," akasema. "Hospitali wamesema itaanza kuondoka sauti, halafu yeye."

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Alinikataza. Anasema mkijua mtamkalisha chini kwa huruma. Anataka aongoze siku ya kufungua kanisa. Hajaomba kingine."

Tukachukua lile jeusi. Mchungaji alinuna kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu.

Kwenye mazoezi Kibanio akaanza kuchuja nyimbo. Kila wimbo unaopanda kwenye kiitikio, nje. Wenye haraka, nje, maana pumzi ya mwenzake ilikuwa haitoshi. Zikabaki zile nzito za polepole. Mama Filimbi, kiongozi wa sauti ya kwanza, akashindwa kuvumilia.

"We Kibanio, tunafungua kanisa au tunalizika?"

"Imba tu, mama."

"Niimbie wapi huku chini? Nitambae?"

Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu naye alicheka, joto lote lile kajifunga skafu shingoni, mabega yanatikisika, lakini sauti haikutoka. Mama Filimbi akaitazama ile skafu. Tangu hapo hatukumsikia tena akilalamika.

Siku ikafika. Ubeti wa kwanza mdogo wangu aliuimba. Ilikuwa sauti ya msasa kwenye ubao, lakini aliuimba wote. Ubeti wa pili akafungua kinywa, kimya. Kibanio akarudia mwanzo wa wimbo. Akarudia tena. Anazunguka palepale, macho kwa mke wake, mchungaji anaangalia saa. Mama Filimbi angeweza kuudaka wimbo ule kwa pumzi moja. Alijiuma midomo akanyamaza. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mwishowe mdogo wangu akageuka, akatuinulia mkono kama alivyozoea kutukabidhi kiitikio. Tukaupokea. Yeye akasimama mbele vilevile, anachezesha midomo mpaka mwisho.

Tulimzika kabla harufu ya rangi haijaisha ukutani.

Makaburini wimbo alichagua Kibanio, ule wa zamani wa mkewe, wa haraka, unaopanda. Akakaza nyuzi zote, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kidude, akakibana kwenye gitaa jeusi, juu kabisa, pale pale kilipokuwa kinakaa siku zote. Akaanza. Mama Filimbi akajaribu. Mstari wa pili sauti ikapasuka, akajifunika uso kwa kanga. Wengine hawakufika hata hapo.

Nikamsogelea. "Shemeji, shusha kidogo, nasi tuimbe."

"Hapana," akasema, bila kuacha kupiga. "Yeye anaimbia hapa."

Akapiga beti zote, na viitikio vyote, mpaka mwisho. Sisi tumesimama tu, tumeshika vitabu.