Kamushale kanatembea peke yake

Leo baba amenikatalia kuingia kwa ordinateur yake, ile kompyuta ya nyumbani.

Miye niko Lubumbashi, yeye iko Kamina. Nilitafuta programu ya kumusaidia toka huku. Kati ya zote nikachagua ile yenye kuingia bila kuuliza, eti nisimusumbue.

Akili yangu hiyo!

Asubuhi nikaingia. Kwa ekra yake, kamushale ka mouse kakaanza kutembea peke yake.

Mama akanipigia: "Baba yako ametoka kwa kiti. Amesimama kwa ukuta, anaangalia tu."

Njo vile alisimama wakati wa vita, basoda, wale askari, banafungua makabati yetu bila kuuliza. Nilikuwa mudogo, lakini nakumbuka ule ukuta.

Nikaifuta ile programu. Nikaweka ile yenye kuuliza kwanza: "Unakubali?"

Nyie wenye wazazi mbali, munatumia programu gani?

Baba akasoma polepole. Akafinya "Hapana."

Kisha akanipigia: "Aksanti, mutoto wangu. Safari hii nimeulizwa."