Gogo Chini ya Daraja la Mawe

Daraja la mawe la mto Kanyosha lilijengwa mi nikiwa mtoto, wakati wa Wabeleji. Baba alikuwa kati ya mafundi. Walikuwa wanawasha moto juu ya jiwe kubwa mpaka liive, halafu wanalimwagia maji baridi, na jiwe linapasuka, paa! Mama alikuwa anawapelekea ugali na maharagwe. Majina ya wale mafundi ninayajua yote mpaka leo, na ya wake zao, ila hapa siyaandiki, wajukuu wao bado ni majirani.

Basi vita ilipokuja, watu wa ng'ambo na sisi tukaacha kusalimiana. Askari wakaweka bariyeri, mti wa kufunga njia, mwisho wa daraja. Lakini soko lilikuwa ng'ambo, kwa hiyo mchana tulikuwa tunapita, kila mtu macho chini.

Siku moja mvua ilinyesha milimani, mto ukaleta gogo, jamani, gogo! Likakwama chini ya daraja. Takataka zikajaa nyuma yake, maji yakapanda. Mi niliweka mkono juu ya ukuta wa daraja, nikasikia linanguruma ndani. Likianguka, sokoni tutafika na nini?

Watu wakashuka na kamba, sisi huku, wao kule. Tukavuta! Wao pia wakavuta! Gogo halisogei. Kumbe kila upande unalivuta kwake, unataka kuni!

"Acheni, ni yetu!" wakapiga kelele wa ng'ambo.

"Yenu? Muliizaa nyinyi?" akajibu mwanamke mmoja wa kwetu. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyelegeza kamba.

Jiwe moja likachomoka, likaanguka majini. Nikawanyang'anya watu wa kwetu mwisho wa kamba, nikapanda na kamba darajani. Askari akasimama mbele yangu.

"Apana, bibi. Leo njia imefungwa."

"Mutoto yangu, daraja ikienda na maji, we utalinda nini? Samaki?"

Akajikaza, lakini kicheko kikamtoka. Akainua ule mti wa bariyeri.

Nikapita mbio, mi na magoti yangu haya, watu wa kwetu wote nyuma yangu. Nikawatupia wa ng'ambo kamba:

"Chukueni gogo yenu! Mutuachie daraja tu. Vuteni!"

Tukavuta wote upande mmoja, mikono juu ya mikono, hakuna aliyeuliza huu ni wa nani. Gogo likageuka, likalia, likatoka kama jino! Maji yakapita na kelele, na daraja likatulia. Vigelegele vilivyopigwa pale, hata kwenye harusi sijavisikia.

Halafu wakalipasua kwa shoka, na wanawake wa kwetu wakasahau kabisa ahadi yangu. Tuligombana juu ya vipande vinene mpaka adhana ya magharibi, wa huku na wa kule, tumekaa wote juu ya ukuta wa daraja, miguu inaning'inia.