Watoto Wasiojua A

Bibi Chaki alifundisha chekechea katika kituo cha watoto miaka kumi na tisa, hata jina lake la kuzaliwa likafukiwa na vumbi jeupe. Zamani watoto wake walimaliza mwaka wakisoma sentensi. Kisha mkuu wa kituo akaanza kupokea wageni wa kujitolea kutoka nchi za nje, waliolipa ili waje wafundishe, wiki mbili mbili. Ada yao ndiyo iliyoezeka paa na kununua maziwa ya watoto. Hilo Bibi Chaki hakulibisha.

Ila kila mgeni alitaka kuanza na A.

"Hawa A wanaijua tangu mwaka juzi," alimwambia mkuu.

"Mama yangu, mgeni kalipa afundishe. Hakulipa aje kuambiwa kazi imeshakwisha. Mkono mtupu haulambwi. Wakiacha kuja, maziwa utakamua wewe?"

Bibi Chaki akanywea. Akawanong'oneza watoto, Mungu amsamehe: mgeni akiuliza, semeni hamjui, akishafundisha, itikeni kwa nguvu, mtapigiwa makofi. Watoto wakaupenda mchezo huo kuliko mpira.

Bingwa wao alikuwa mjukuu wake, yatima aliyemlea mwenyewe. Alikuna kichwa, akakodoa macho, wenzake wakaziba midomo wasicheke. Jioni, huyohuyo ndiye aliyemsomea bibi kitabu cha sala, maana macho ya bibi yalishaingia ukungu.

Mwaka huo mjukuu alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Shule ya karibu ilikuwa moja, nafasi za kugombania, na usaili wa siku moja tu. Bibi Chaki alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha.

"Herufi gani hii?" mwalimu mkuu aliuliza.

Kisha sauti tamu: "Siijui."

"Na hii?"

"Hata hiyo siijui, mwalimu. Nifundishe."

Bibi alisimama dirishani. "We mtoto! Si unaijua! Mwalimu, huyu anasoma, ananisomea mpaka sala..."

"Bibi, kila aliyekaa hapo nje mjukuu wake anasoma. Tulia, tafadhali. Anayefuata!"

Mtoto alitoka uso umekunjuka. "Umenisikia, bibi? Lakini yule mwalimu hakunifundisha. Wala hakupiga makofi."

Bibi angemkaripia kwa lipi, naye ndiye aliyemfunza? Akamshika mkono, wakarudi kituoni. Gari lilikuwa linashusha wageni wapya, na mmoja alishaokota chaki.

Mtoto akachomoka, akawahi benchi la mbele, akaanza kukuna kichwa.