Kila Kufuli na Nukta Yake

Mimi ni Velayutham, mwana wa Sudalaimuthu Asari, mjukuu wa Irulandi Asari, kitukuu wa Sangili Asari. Ni vizazi vitatu vya wahunzi wa makufuli wa mtaa wa Nagal Nagar, mjini Dindigul, na cha nne ni mimi niliyepelekwa shule. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimamishwa mbele ya baraza la wazee kwa kosa la mkono wala la ulimi.

Babu yangu Irulandi ndiye aliyeunda kufuli lile ambalo juu ya mlango wake paliandikwa ubaoni, kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe: HATA ALIYELIUNDA HAKUWEZA KUTOKA.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, kufuli hilo lilinimeza.

Nayaandika haya humu mtandaoni mnamoshinda mkitazama, wajukuu zangu, ili msije mkasema hamkuambiwa.

Kisa cha kufuli hilo kila mtoto wa Nagal Nagar amenyonya nacho. Bwana mmoja mwenye mashamba, chini ya milima ya Sirumalai, alimtaka babu amtengenezee kufuli la ghala lake la mawe. Babu akalitengeneza. Yule bwana akasema, "Vizuri. Sasa ingia wewe ndani. Ukitoka, kufuli lako ni bovu. Usipotoka, wewe ni fundi."

Babu akafungiwa siku tatu za Mei, mchana na usiku, na mtungi mmoja wa maji.

Hakutoka.

Siku ya nne bwana alifungua mlango mwenyewe, akamvisha babu shali ya hariri mabegani. Tangu siku hiyo kila kufuli la ukoo wetu hupigwa muhuri wenye umbo la embe, na kila harusi ya ukoo wetu husimuliwa kisa hicho kabla ya wali kupakuliwa.

Mimi nimefundisha historia na jiografia kwa miaka thelathini na minne, na kisa hicho nimekisimulia kila mwaka, darasa limesimama.

Jumba la yule bwana lilipokwisha rithiwa hadi likakosa wa kulirithi, kamati moja ya wilaya ikaamua kulifungulia wageni. Niliombwa kuandaa maelezo. Ufunguzi ulipangwa Jumatano. Jumapili ile nilikwenda kukagua, nikiwa na Rakkayi.

Rakkayi ni mwanamke wa miaka sabini na minne, mjane, mpiga tupa. Yeye na mama yake na bibi yake wote wamekaa chini katika karakana yetu wakichonga meno ya funguo zetu. Alikuwa amekuja kulitia kufuli mafuta. Mimi nilimwita Rakkayi, jina tupu, ijapokuwa alinizidi miaka sita. Ndivyo nilivyozoea.

Mlinzi wa jumba alikwisha ondoka asubuhi hiyo kwenda harusini kwa wakwe zake. Alituachia ufunguo. Angerudi Jumanne.

"Wageni wataingia kumi kumi," nilimwambia Rakkayi tukiwa ndani ya ghala. "Nitasukuma mlango, kufuli litajifunga lenyewe. Watashtuka. Kisha nitafungua mbele ya macho yao."

"Mwalimu, usifunge."

"Kwa nini nisifunge?"

"Mlango huo hujawahi kuufungua kwa ndani. Huujui upande huo."

"Rakkayi, hili ni kufuli la babu yangu."

"Haya. La babu yako."

Nikasukuma mlango. Ukalia mlio mzito, kama jiwe lililoangukia kisimani. Nikatia ufunguo, nikazungusha kushoto, kama ukoo wetu unavyofungua tangu enzi.

Kitu kikalia *kwak*.

Ufunguo haukwenda mbele wala haukurudi nyuma.

Rakkayi alifumba macho. "Umezungusha kushoto?"

"Bila shaka. Kufuli letu hufunguliwa kushoto. Ukikosea upande, taya zinauma ufunguo, mwizi anashikwa. Nimeliandika hilo katika..."

"Kushoto ukiwa nje, Mwalimu."

Niliutazama ufunguo uliokwama.

"Ukiwa nje," akarudia, pole pole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "Ukiwa ndani, kushoto kwako ni kulia kwake. Umejishika mwenyewe kama mwizi."

Miaka yote ile nimelihubiri kufuli hilo, sijawahi hata siku moja kulifungua kwa ndani.

Ghala lilikuwa la mawe, bila dirisha, ila mianya minne chini ya paa, myembamba kuliko mkono wa mtoto. Mei yetu mnaijua. Hizo ndizo siku ambazo hata kunguru hawaruki. Mkoba wangu ulikuwa nje, barazani, na ndani yake maji, chakula na simu.

Saa tano simu ikaanza kulia.

"Mkeo," alisema Rakkayi.

Ililia ikakoma. Ikalia tena. Hatua sita tu kutoka pale niliposimama! Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Barabara ilikuwa mbali, na kati yetu na barabara hiyo palikuwa na migomba tu.

Mara ya tisa simu ililia kidogo, ikakatika. Haikulia tena.

Nilijaribu ufunguo kwa mikono miwili. Nilijaribu bawaba. Nilijaribu bega, nikaumia bega. Kisha, ili nisionekane kuwa na hofu, nikaanza kukariri maelezo niliyowaandalia wageni.

"Ngome ya mji wetu imejengwa juu ya mwamba mmoja mtupu, wenye umbo la mto wa kulalia, na ndiko mji ulikopata jina. Wafalme wa Madurai waliianza, masultani wa Mysore wakaiongezea, Waingereza wakaitwaa kwa mizinga. Upande wa magharibi ni milima ya Kodaikanal, ambako maua ya kurinji huchanua mara moja tu katika miaka kumi na miwili. Upande huu ni Sirumalai, na ndizi zake ndogo zisizooza upesi. Kusini ni Nilakottai, kwenye asumini. Na Chinnalapatti..."

"Mwalimu."

"Nini?"

"Wilaya nzima umeibeba kichwani, na mlango mmoja umekushinda."

Nilikasirika. Kisha nikaona midomo yake ilivyopasuka, nikaacha kukasirika.

Saa saba mawe yalianza kutoa joto kama tanuri. Rakkayi alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika kichwa kwa upindo wa sari. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Jumanne ni mbali," nilisema.

"Mimi sifiki Jumanne. Pengine wewe utafika, wewe umeshiba vitabu."

"Usiseme hivyo. Babu yangu alikaa humu siku tatu."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, lakini kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni.

"Siku tatu! Mwezi wa Mei! Na mtungi mmoja! Mwalimu, wewe uliyesoma, hesabu hiyo hukuwahi kuipiga?"

"Unamaanisha nini?"

Aliutazama mlango. Kisha akasema, "Njia iko."

"Njia gani?"

"Ya kutoka. Iko tangu siku ya kwanza. Chuma cha nje alikifua babu yako, kweli. Matumbo ya kufuli aliyachonga bibi yangu, Mookkayi. Alipojua bwana atamfungia fundi ndani, alikata njia. Usiku Irulandi alitoka, akapita kwenye migomba, akala uji wa uwele kwa bibi yangu, akalala. Kabla ya jogoo kuwika alirudi akajifungia. Siku zote tatu."

"Uongo!"

"Sawa. Uongo."

"Babu yangu alikuwa mtu wa haki!"

"Na nani amesema hakuwa? Yule bwana alitaka kutazama mtu akifa ili alisifu kufuli. Irulandi alikataa kufa. Hapo kosa liko wapi?"

Niliukumbuka ule ubao nje, herufi nilizozipaka kwa brashi yangu, moja moja.

"Na kwa nini umenyamaza tangu saa nne?"

"Mama yangu aliniapisha nisiwavunjie ninyi jina. Nikifungua, Jumatano utasimama useme nini mbele ya ubao ule?" Akavuta pumzi. "Na pia nilikuwa nangoja uniulize. Saa zote hizi umeuliza bawaba, umeuliza bega lako. Mimi mpiga tupa nimekaa hapa, hukuniuliza hata neno moja."

Sasa nitaungama jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu.

Nilisema, "Basi usifungue."

Ndivyo nilivyosema. Nililipima jina la ukoo wangu, nikaona ni afadhali nibaki mle nikaange ubongo mpaka Jumanne kuliko kusimama hadharani mimi, mwana wa Sudalaimuthu, niseme kwamba sisi tulidanganya.

Rakkayi hakubishana. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia. Kisha kichwa hicho kikalala begani, na mwili ukateleza ukutani hadi sakafuni.

Nilimwita. "Rakkayi!"

Nilishika mkono wake. Ngozi ilikuwa ya moto, na haikuwa na jasho tena. Vidole vyake nilikuwa sijawahi kuvitazama: vilikuwa na makovu ya tupa kila pingili. Makovu ya funguo zetu.

Hapo ndipo aibu iliponipata, nayo haikuwa ile niliyokuwa nikiiogopa.

"Dada," nilisema. "Dada Rakkayi, nakuuliza. Njia iko wapi?"

Macho yakafunguka kidogo. "Pottu," akanong'ona.

Wapo watakaosoma haya wasioijua lugha yetu. Kwetu kufuli ni *puttu*, na ile nukta nyekundu ya kwenye paji la uso ni *pottu*. Wanawake wa karakana walikuwa na msemo: kila puttu na pottu yake, kila kufuli na nukta yake. Nilidhani ni mchezo wa maneno. Siku ya kuviheshimu vyombo vya kazi, kila mwaka, sisi hupaka kila kufuli liwa na unga mwekundu. Kufuli lile nilikuwa nikija kulipaka mimi mwenyewe, nje na ndani, mlango ukiwa wazi, palepale kwenye muhuri wa embe, kama nilivyoonyeshwa na marehemu bibi yangu.

Nilipapasa bamba la chuma. Kwenye embe palikuwa na uvimbe mgumu, mwekundu, wa unga ulioganda miaka zaidi ya mia.

Nilikwangua kwa ukucha hadi ukucha ukakatika. Chini yake palikuwa na tundu, dogo kama jicho la sindano ya gunia.

Njia ya kutoka nilikuwa nikiiziba mimi, kila mwaka, kwa kidole changu, huku nikiomba baraka.

"Kitu chembamba, Dada! Tupa yako?"

"Nene... Miwani."

Nilivua miwani, nikavunja mkono wake wa chuma. Sikuona vizuri tena, na ilinibidi nisikilize.

"Ingiza. Usisukume kwa nguvu. Polepole... Ukisikia kama jino la mtoto linatikisika, hapo. Bonyeza."

"Sisikii kitu."

"Kwa sababu unasikiliza kwa masikio. Sikiliza kwa vidole."

Mikono yangu haikuwahi kufanya kazi zaidi ya kushika chaki. Mara ya tano nikahisi: kitu kidogo, kinacheza, kama jino.

Nikabonyeza.

*Kwak.* Taya zikauachia ufunguo. Ulimi wa kufuli nao ukarudi wenyewe, bila ufunguo kuzungushwa. Mlango ukafunguka, na upepo wa moto wa nje ukatupiga kama maji baridi.

Nilimbeba Dada Rakkayi hadi barazani. Maji ya mkobani yalikuwa vuguvugu. Alikunywa, akakohoa, akaniangalia usoni, miwani yangu ikining'inia kwa mkono mmoja.

"Sasa unafanana na babu yako," alisema.

Jumatano walikuja watu wengi: kamati, wanafunzi, wahunzi wa Nagal Nagar wakiwa na shali mabegani. Nilisimama mbele ya ubao, nikausoma kwa sauti. Kisha nikauteremsha. Nikasimulia yote: migomba, uji wa uwele, Mookkayi.

Mpwa wangu Kathirvel, anayeendesha karakana sasa, alinivuta pembeni kwa hasira. "Mjomba, umetuvua nguo mbele ya wilaya nzima!"

"Shali uliyovaa ni ya Mookkayi, Kathirvel. Nimeirudisha tu."

Hakunisemesha kwa miezi saba. Leo ubao mpya una majina mawili, la aliyefua na la aliyechonga, na maneno yake aliyatunga Dada Rakkayi: ALIYELIUNDA ALITOKA, AKALA, AKARUDI. Wageni hucheka hapo. Na wacheke.

Najua mnachowaza, enyi wenye vidole vyepesi. Mzee ametutajia tundu, twende tukajaribu. Nendeni. Wiki ile ile Dada Rakkayi aliliziba kwa risasi, akalikata jingine mahali pengine. Nilimwuliza ni wapi. Akanijibu, "Siku ukifungiwa tena, utaniuliza vizuri."

Basi nisikilizeni, vijana, na mkae sawa mnaposikiliza. Msijivunie mlango ambao hamjaujua kwa ndani. Na kabla hamjanihadithia sifa za babu zenu, nendeni kwanza mkawaulize majina wale waliokaa chini wakiwachongea funguo. Nataka majina hayo. Wajukuu zangu, ninyi mtaniletea mliyoyapata, yameandikwa kwa mkono, na nitayasahihisha.