Diski Niliyoifuta Wakati wa Vita

Mwanangu, iko siku moja ya vita ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Wewe unayefungua mashine za watu na kusifiwa, kaa kidogo unisikilize. Ninalokueleza, hata mke wangu amelijua mwaka huu tu.

Nilikuwa kijana hapa Kindu, na sisi tuliojua kompyuta tulihesabika kwa vidole. Watu waliniita Enjeniere, yaani mhandisi, ingawa masomo yangu yalikuwa ya miezi mitatu. Nilifanya kazi katika ofisi ndogo iliyotafuta wazazi wa watoto waliopotezwa na vita. Kila asubuhi akina mama walikaa barazani kungoja habari, na wa kwanza kufika alikuwa Mama Zaina, mkimbizi wa Punia. Binti yake Riziki, wa miaka mitano, alimponyoka mkononi siku watu walipokimbilia msituni.

Basi akafika Mwalimu Selemani. Alitembea kutoka Punia siku kumi na moja akisukuma baiskeli kwenye tope, na kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa na diski moja nene ya kutosha kiganjani. Mle mlikuwa na majina na picha za watoto waliookotwa huko, na nyumba walizohifadhiwa. Nakala nyingine haikuwepo. Mashine iliyoandika diski ile ilikwisha kuporwa.

Nikaiingiza. Mashine ikasema haioni kitu.

"Enjeniere," Mwalimu akasema kwa upole, "kule Punia ilikuwa inasoma muzuri. Labda tungoje mutu mwenye kujua zaidi?"

Lile neno "zaidi" lilinichoma, maana akina mama walikuwa wakisikia. "Mwalimu, wewe fundisha watoto," nikamjibu. "Mashine uniachie mimi."

Nikafungua programu iliyokuja na kile chombo cha kusomea diski, nikachagua kuitayarisha upya. Kutayarisha, nilidhani, ni kutengeneza. Programu iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili nikajibu ndiyo. Ilipomaliza, iliandika kwamba vyote vilivyokuwamo vimeondolewa; diski ikakataa vilevile, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeifuta.

Mkuu wetu akaja kuuliza. Nikasema, "Imelowa njiani. Maji iliingia."

Mwalimu aliutazama mfuko wake, mkavu kabisa, akainamisha kichwa. "Pengine njo mimi niliiacha ilowe," akasema. "Tulivuka mito mingi."

Nami nikamwacha aseme hivyo. Kesho yake akageuza baiskeli kurudi Punia kuandika majina upya, kwa njia ile ile yenye bunduki.

Baada ya mwezi alitujia fundi mzee kutoka Kisangani, Mzee Lutumba, kutuwekea mfumo mpya kwenye kompyuta. Aliikuta ile diski kwenye saraka ya meza yangu, akaiingiza, ikafunguka mara moja. Ilikuwa safi, tupu.

"Diski iko muzima," akasema. "Kiini cha mfumo wako wa zamani njo kilishindwa."

Akanieleza, mwanangu, na wewe ulijue: kiini ndiyo ile sehemu ya ndani ya mfumo inayozungumza na vyombo. Diski haitoi bayti, tuseme herufi, moja moja. Inatoa bloki nzima, yaani fungu la bayti nyingi kwa pamoja. Diski nyingi za siku zile zilikuwa na bloki za bayti mia tano kumi na mbili, na kiini cha zamani kilidhani zote ni hivyo. Ile ya Mwalimu ilikuwa na bloki kubwa mara nne. Kiini kiliomba kipande kidogo ambacho diski haikuweza kukitoa peke yake, kwa hiyo kikaamua hakuna kitu. Kiini kipya huuliza kwanza: bloki yako ina ukubwa gani? Kisha huchukua bloki nzima, na sehemu inayotakiwa huitafuta ndani yake. Hata kikitaka kubadili herufi moja, husoma bloki yote, hubadili pale, ndipo huirudisha yote.

"Nani aliifuta?" Mzee akauliza.

Nikainama kupanga karatasi za mezani. Akaelewa. "Kutojua si kosa, kijana. Kuona haya kuuliza, hiyo njo inaua watu. Enda kwa yule Mwalimu, umwambie ukweli."

Sikwenda.

Selemani alirudi na majina kwenye karatasi, hayakufika nusu, na mguu wake ulikuwa umeumia usipone tena. Riziki hakuwemo. Jina lake lilikuwa kwenye diski ile, lakini sasa familia iliyomhifadhi ilikuwa imekwisha kuhama, ikakimbilia mbali zaidi. Alipatikana baada ya miaka minne. Alipoletwa ofisini, alijificha nyuma ya mwanamke aliyemlea, akimwita huyo mama, na Mama Zaina akasimama mikono imenyooshwa bila mtu wa kumkumbatia. Kisha akanigeukia mimi, akanishukuru. Mimi!

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nimezeekea humo. Mwaka huu ndipo nilipovuka mto hadi Alunguli, ng'ambo ya pili, nikamkuta Selemani uani akimenya mihogo, nikamwambia yote.

Aliweka kisu chini. "Miaka hii yote," akasema, "nilikuwa najiuliza mufuko ule ulitobokea wapi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniambia tu niende kwa Mama Zaina pia. Nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Sikubisha hodi tena.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Chombo kikikataa kusoma, usiseme ni kitupu. Uliza kwanza kimegawanywaje, na kiini chako kinajua nini. Usiandike juu ya kitu cha mtu kabla hujatoa nakala. Na ukiharibu, sema siku ile ile, mbele ya wale waliokusikia ukijisifu, maana uongo wako utabebwa na mtu mwenye moyo mwema kuliko wako. Majuto ni mjukuu, nami wangu amekuja akiwa mtu mzima.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe ulimi usioogopa kusema "sijui", na wale wanaokuamini wasilie kwa sababu yako.