Vidonge vya kumeza vimeishia kwenye liwa

Jamani, dawa ya mwezi mzima leo nimepakwa usoni!

Harusi yangu wiki ijayo, kwa hiyo nimewekwa ndani hapa Mkunazini. Hata uani sitoki, eti ngozi itakate.

Haikutakata. Imekauka, na viwiko vinaniwasha mpaka najikuna damu.

Juzi daktari kanipima, kasema vitamini D iko chini sana. Si ya siku hizi chache, ni ya miaka ya kulikimbia jua. Kanipa vidonge vya mafuta, kila siku kimoja, na nikae juani kidogo. Huenda na ngozi ikapata nafuu.

Leo asubuhi somo yangu anayenifunda, Bi Mwanaidi, ananisinga uso kwa liwa ya msandali kama kawaida. Mbona liwa inateleza hivi?

Kutazama, vidonge vyote vimetobolewa kwa sindano, mafuta yamekamuliwa humo!

"Bi Mwanaidi, vile vya kumeza!"

"Si umesema vya ngozi? Ngozi iko tumboni?"

Nimecheka mpaka liwa imenipasuka usoni. Kisha nikainuka, nikatoka uani, nikakunja mikono ya gauni, nikakaa juani kitako.

Kanifuata mbio na kanga anifunike. "Utakuwa mweusi, mwanangu! Watu watasema nini?"

"Huyo bwana harusi kanichumbia nikiwa mweusi. Wewe unataka kumpa nani?"

Kanga kajitanda mwenyewe, kakaa kivulini ananitazama.

Nanyi mliokwisha kualikwa, semeni mapema kama mna neno. Siku hiyo msihangaike kumtafuta bi harusi mweupe. Ni mimi huyu huyu.