Karani wa Tenda na Laptop ya Kupindua

Yule karani wa tenda pale Thika haamini kitu hajakipindua. Hata kiti anapindua kwanza ndio akikalie. Zamani akimaliza kusoma bei za watu, alikuwa anainua lile sanduku la mabati la kutumbukizia bahasha za tenda na kuligonga mgongoni kama mtoto ametoka kunyonya. "Mmeona? Hakuna ya mtu imebaki!" Sasa tenda zinaingia kwa mtandao, na leo, mara ya kwanza, mwalimu wa mfumo huo alikuwa anamwangalia live kwa kamera ya laptop kutoka Korea, ulikotengenezwa. Karani akasoma bei zote vizuri mbele ya walioomba tenda, ingawa kwa sauti ya chini. Lakini Aoko, fundi wa madawati kutoka Ruiru, akasimama na mkoba wake. "Boss, nitajuaje hakuna ingine umeficha huko ndani? La sivyo, mimi hamtaniona tena kwa tenda zenu." Karani akainua laptop, akaipindua, akaigonga mgongoni.

"Sir, tunaona sakafu," mwalimu akasema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Kuna shida?"

"Hakuna, madam. Huku lazima watu waone. Hebu pindua na yako."

Madam akainua laptop yake. Halafu kwa skrini yakatokea magoti ya madam na soksi za manjano.

Aoko akakaa. "Sawa basi. Sasa nisomee tena bei yangu, na usinong'one."